Kidevu cha Kararaina

Ukoo ulimchagua Kararaina achanjwe moko ya kidevuni, ile michoro ya wino ya wanawake wa Kimaori, wakati yeye ana kipande cha mkate wa kukaanga mdomoni, na hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia.

Kikao kilifanyika Jumapili mchana ndani ya nyumba ya mikutano ya ukoo, pale Te Puwaha, na Kararaina hakuhudhuria kwa sababu alikuwa jikoni. Alikuwa jikoni siku zote. Iwe msiba, iwe harusi, iwe ugeni wa mbunge au mkutano wa wenye ardhi, yeye ndiye aliyejua sufuria kubwa iko wapi na nani hali kome. Wazee walipomaliza mazungumzo yao walitoka wakaja wote hadi kwenye dirisha la jikoni, mbele yao akiwa mjomba Tamihana, mzee wa miaka themanini na minne. Mjomba akatoa hotuba ya dakika kumi kwa Kimaori kilichonyooka, fimbo yake ikigonga chini kila alipolitaja jina la Materoa, bibi yake Kararaina. Kisha akanyamaza, akamtazama.

Kararaina ndiyo kwanza alikuwa ameonja mkate kuona kama umeiva. Kuongea hakuweza, na kumwonyesha mzee kilichomo kinywani aliona si adabu, basi akaitikia kwa kichwa. Wanawake wakaanza kulia. Mjomba akagusanisha pua yake na ya Kararaina, salamu ya heshima ya kwao. Mtu mmoja huko nyuma akaanzisha wimbo. Hadi anafanikiwa kumeza, siku ilikuwa imeshapangwa na mchanjaji ameshapigiwa simu.

Ukweli ni kwamba katika hotuba yote ile Kararaina alikuwa ameambulia maneno manne tu: bibi, watoto, kazi na asante. Alidhani anashukuriwa kwa chakula.

Alikuwa na miaka sitini na minne, na hakujua Kimaori. Alijua salamu, alijua nyimbo kwa sauti zake bila maana zake, na alijua kucheka pale wenzake wanapocheka. Mama yake alichapwa shuleni kwa kuzungumza lugha ile, akaapa kwamba mtoto wake hatachapwa, na kiapo akakitimiza vizuri mno. Ndiyo maana Kararaina alipenda jikoni. Jikoni hakuna anayekuomba hotuba. Mtu anakuomba kijiko.

Na sasa walitaka kumweka kidevuni mistari ya bibi Materoa, ambayo tangu bibi azikwe hakuna mwanamke wa ukoo aliyeivaa. Mama yake Kararaina aliikataa. Alifanya kazi za ndani mjini, na siku zile mjini, mwenye alama usoni alikuwa akiambiwa nyumba ya kupanga imeshachukuliwa huku kibao bado kinaning'inia mlangoni. Picha za wanawake wa ukoo zilipangwa ukutani katika nyumba ya mikutano, videvu vimechorwa hadi kwa Materoa, halafu basi. Baada yake, videvu vitupu.

*

Mume wake, Paratene, alikuwa mstaafu wa kiwanda cha nyama mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Ndiye msemaji wa ukoo siku wageni wanapokuja, na akisimama kuongea hata mbwa wa jirani wanatulia. Jioni ile alikuwa anavua viatu wakati mkewe alipomwambia kwamba yeye, kwa bahati mbaya, anaogopa sindano.

Paratene akamkumbusha kwamba amezaa watoto wanne. Kararaina akasema basi ni ngozi, ngozi yake imezeeka, wino utasambaa. Paratene akasema mjomba Tamihana ana ngozi kama gunia na moko yake bado inasomeka. Kararaina akasema ni kazini. Anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na wagonjwa watashtuka. Paratene akamwuliza ni wagonjwa gani hao wanaolazwa kwenye mashine ya kufulia.

Paratene akaweka viatu chini ya kiti, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga sentensi.

"Watakusemesha," akasema. "Hilo ndilo linalokuogopesha."

Kararaina akageukia sinki.

"Watu watakiona kidevu, watakusemesha Kimaori, na wewe hutajua la kusema."

"Nani kakwambia sijui?"

"Mama Mihiata, miaka thelathini na minane nalala na wewe. Siku ya harusi yetu niliongea Kimaori robo saa nzima mbele ya watu, nikasema wewe ni mkaidi kuliko nguruwe mwitu na unakoroma. Watu wote walicheka na wewe ukacheka nao, ukanishika mkono. Nikajua."

Kararaina akafikiri kidogo, akakumbuka ile siku, jinsi alivyotokwa na machozi ya furaha kwa maneno matamu ya bwana harusi. Akachukua taulo la vyombo akampiga nalo begani. Halafu akamrudia mara ya pili.

*

Zilibaki wiki sita, na Kararaina akaamua kujifunza. Binti yake Mihiata alikuwa mwalimu katika shule ya watoto wadogo ambako Kimaori ndiyo lugha pekee inayoruhusiwa kuanzia getini, na akamkaribisha mama yake kila Jumanne na Alhamisi baada ya zamu ya hospitali. Akapewa kiti. Kiti kilikuwa cha mtoto wa miaka minne. Magoti yalimfika masikioni. Alijifunza rangi. Alijifunza sehemu za mwili kwa wimbo, akigusa kichwa, mabega na magoti, na kila mara akiwachelewesha wenzake kwa sababu kutoka mabegani hadi magotini kwake ilikuwa safari. Kitoto kimoja cha kike chenye mafua kilimsahihisha matamshi mara tatu, kisha kikamwambia mwalimu kwamba bibi huyu anajitahidi ila ana shida.

Huko kwenye chumba cha kufulia alifungua redio ya Kimaori siku nzima. Mashine zilikuwa na kelele, na sauti pekee iliyopenya ilikuwa ya mtangazaji wa hali ya hewa, bwana mwenye sauti ya kifua kipana. Baada ya wiki nne Kararaina aliweza kusema bila kukosea kwamba upepo mkali utavuma kutoka kusini na theluji itashuka hadi kwenye miinuko. Alimwambia Paratene wakati wa chakula, kwa fahari. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Paratene akasema atatafuta koti.

Alicheka, lakini Kararaina hakucheka. Aliinuka akaenda kukosha sahani iliyokuwa safi.

*

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe ikaja simu kutoka Australia. Ripeka, dada yake, alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa miaka arobaini alifanya usafi katika kambi za wachimba madini, mahali ambapo vumbi ni jekundu na maji yanaletwa kwa lori. Habari ya moko aliipata Fesibuku, kwenye picha ambayo binamu mmoja aliiweka pamoja na mioyo kumi na minane.

Ripeka aliuliza kwanza habari za magoti ya Paratene, habari za wajukuu, na kama yule mkwe mvivu amepata kazi. Ilichukua dakika ishirini. Kisha akasema:

"Nasikia unapata kidevu."

Kararaina akasema ndiyo, wazee wameamua. Ripeka akasema vizuri sana. Akasema vizuri mara tatu, kila mara sauti ikizidi kupoa. Akasema yeye alidhani bado ndiye mkubwa, ila labda mambo yamebadilika huko nyumbani, na hakuna aliyemwarifu. Akasema ameshakata tiketi. Simu ikakatika.

Mihiata aliogopa ugomvi. Mjomba Tamihana aliogopa ugomvi. Kararaina peke yake alikaa pale na simu mkononi akiona mlango umefunguka. Mkubwa hutangulia, hakuna wa kubisha. Tena Ripeka hakulelewa na mama yao. Alilelewa na bibi Materoa mwenyewe, na alizungumza Kimaori kabla hajajua kwamba kuna lugha nyingine duniani. Basi kidevu ni chake. Kararaina akaoka mkate wa chachu ya viazi, akatandika kitanda kwa mashuka mapya, akaimba.

Alhamisi Ripeka akafika, mwembamba, amekauka kwa jua, na sanduku dogo. Waligusanisha pua wakalia kidogo, inavyotakiwa, wakakaa mezani. Kararaina hakungoja hata chai ipoe.

"Dada, kichukue wewe. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye unayeijua lugha. Jumamosi ukakae pale badala yangu."

Ripeka akaweka kikombe chini. Alionekana kama mtu aliyekuja na bunduki akakuta wenye nyumba wamelala.

"Mimi sikuja kuchukua kitu," akasema. "Nimekuja kuulizwa."

"Haya, nakuuliza."

"Uliza vizuri."

"Dada Ripeka, utakubali kuvaa moko ya bibi?"

"Sitaki," Ripeka akasema, akachukua kipande cha mkate. "Asante kwa kuniuliza."

Paratene, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya gazeti, akaona ni salama zaidi kuendelea kulishikilia gazeti. Ripeka alitafuna bila haraka. Alisema miaka arobaini yuko nje. Kidevu hicho angekwenda nacho wapi, akafagie nacho vyumba vya wachimba madini? Moko inasema huyu ni wa mahali fulani. Yeye mahali alipo ni pa kampuni. Kararaina ndiye aliyebaki, akamwuguza mama, akawalisha watu.

"Nimebaki jikoni," Kararaina akasema. "Sijui hata kuwashukuru wageni."

"Na hao waliokuwa wanahutubia huko ndani walikuwa wanakula nini?"

Kararaina akasema hilo si jibu. Ripeka akasema hata swali halikuwa swali. Wakagombana hadi chai ikaisha, kila mmoja akimsukumia mwenzake kidevu kama bili ya hotelini, na wakaenda kulala bila mwafaka.

*

Jumamosi asubuhi nyumba ya mikutano ilijaa. Mchanjaji, Hakopa, alikuwa mtu mnene mwenye vidole laini, aliyevaa kandambili. Baada ya sala alimwomba Kararaina akae mbele yake, chini ya picha ya bibi Materoa, na akamweleza kwamba yeye habuni kitu. Anauliza, anasikiliza, ndipo anachora. Kwa hiyo mama ajieleze kidogo, ni nani na ametoka kwa nani. Aliyasema hayo kwa Kimaori, na watu themanini wakageuka kumsikiliza Kararaina.

Alielewa kwamba ameulizwa kitu. Hakujua ni kitu gani. Kitu pekee kilichomjia kichwani ni theluji kwenye miinuko, na kwa sekunde moja karibu akiseme. Kisha akasimama.

"Sijui," akasema kwa Kiingereza. "Sijui alichoniuliza huyu bwana. Siku mliyonijia jikoni sikujua mnasema nini. Nilikuwa natafuna mkate. Miaka yote nimekuwa nikicheka mnapocheka. Tafuteni mtu mwingine, tafadhali. Kidevu changu kitakuwa kinasema uongo."

Kararaina alitazama sakafu, masikio yakimwaka, akingoja ile fimbo ianze kugonga.

"Mwanangu," akasema mjomba Tamihana, "kwani kuna asiyejua?"

Akawageukia watu. Watu walikuwa wanaangalia dari, wanaangalia kucha. Binamu mmoja alikohoa. Ikabainika kwamba walijua wote, hata wale wa upande wa mlimani wanaokuja mara moja kwa mwaka, na kwamba mjomba siku ile dirishani alisema polepole makusudi, ndiyo maana hotuba ikafika dakika kumi. Kawaida yake ni nne. Kararaina hakujua acheke au atafute mahali pa kujificha. Miaka thelathini na minane ya kujificha, na alikuwa amejificha nyuma ya kioo cha dirisha.

Lakini bado alikataa. Kujulikana, alisema, si sawasawa na kustahili. Bibi alistahili.

Hapo Ripeka akainuka pembeni, kutoka kwenye godoro moja kati ya yaliyotandikwa ukutani kwa kukalia. Akasema ana neno la bibi, aliloambiwa naye alipokuwa mtoto wa miaka kumi, akakatazwa asilitoe hadi wahusika wafe. Akamwangalia mjomba. Akasema wengi wameshakufa.

Alisema mwaka ule mchanjaji alikuja kwa farasi, na aliyeandaliwa hakuwa Materoa. Alikuwa binamu yake mkubwa, msichana mwenye kipaji cha nyimbo na nasaba zote kichwani. Binamu alipoiona ile sindano alikimbia, akajificha katika vichaka vya mto siku mbili. Mchanjaji alikuwa ameshalipwa nguruwe wawili, na mmoja alikuwa ameshamla. Wazee wakaona hasara. Wakaangalia huku na huku ni nani yuko karibu, wakamkuta Materoa, miaka kumi na sita, amekaa nyuma anamenya viazi.

"Aliniambia mwaka wa kwanza alitembea amejifunika shali hadi puani," Ripeka akasema, "kwa sababu alijiona mwizi. Mwaka wa pili akasahau shali. Nyimbo alijifunza baadaye. Zote, moja moja, kwa sababu watu walikuwa wanamwuliza yeye."

Mjomba Tamihana alitikisa fimbo akasema Materoa, mama yake mzazi, hakuwahi kumwambia upuuzi kama huo. Kisha mabega yake yakaanza kucheza, na kicheko kikamtoka hadi akahitaji kushikwa. Nyumba nzima ikacheka. Safari hii Kararaina alijua wanacheka nini.

Alikaa tena mbele ya Hakopa. Akamwambia jina lake, na la mama yake, na la bibi yake. Majina hayahitaji sarufi.

*

Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Paratene alitolewa nje mapema kwa kuingia na biskuti mfukoni, kwani kwa mila yao chakula hakisogezwi karibu na kichwa cha mtu, achilia mbali kichwa kinachochanjwa. Hakopa aliinama, mashine ikanguruma, akamshika Kararaina taya kwa vidole vyake laini na kumwonya kwamba kuanzia sasa asifungue mdomo kwa sababu yoyote.

Ripeka alikuwa amekaa kando, ameushika mkono wa mdogo wake. Aliposikia hivyo alijiweka sawa kwenye mto.

Akaanza malalamiko yake na gauni la bluu la mwaka sabini na moja, lililoazimwa likarudi na doa. Akaja kwenye baiskeli. Akapita kwenye barua ambazo hazikujibiwa, akizitaja kwa miezi. Alisema Kararaina alipika samaki wa Krismasi vibaya miaka mitatu mfululizo, na watu walikula kwa huruma. Kararaina alikuwa na majibu ya kila kitu. Yalionekana yakimpanda hadi kwenye nyusi na kuishia hapo. Wanawake waliokuja kumwimbia waliacha kuimba ili wasikilize vizuri.

Kisha Ripeka akateremsha sauti.

"Na ulimzika mama bila mimi. Nilikwambia kazini wameninyima ruhusa. Hawakuninyima. Sikuwa na nauli, na niliona haya kukwambia, kwa sababu ndimi niliyekwenda kutafuta pesa. Nikakulaumu wewe kwa kutoningoja. Miaka ishirini na nne nimekuwa nikikulaumu."

Mashine ikanyamaza. Hakopa alikuwa ameinua mkono, kwa sababu machozi ya Kararaina yalikuwa yanateremka kuelekea kwenye wino. Akayafuta kwa kitambaa, akasubiri, akayafuta tena. Kararaina hakusema kitu; alikuwa amekatazwa. Aliubana mkono wa dada yake kwa nguvu kiasi kwamba Ripeka alilazimika kuomba aachiwe kwanza avue pete.

"Tuendelee?" Hakopa akauliza baada ya muda. Wote wawili wakaitikia kwa kichwa.

Walipomwinua na kumpa kioo, Kararaina alitegemea kumwona bibi Materoa. Hakumwona. Aliyemwona pale, midomo imevimba, mistari myeusi imeshuka kidevuni ikijikunja kama chipukizi la kangaga, alikuwa mama yake, yule aliyekataa. Akamtazama kwa muda mrefu. Nje, Paratene alikuwa anagonga dirisha akiuliza kama sasa anaruhusiwa.

*

Ripeka alirudi kazini Jumatano. Uvimbe uliisha Ijumaa, na Jumamosi Kararaina alikwenda dukani kununua sabuni na mchele.

Yalimpata kwenye kona ya nafaka. Mwanamke kijana mwenye mtoto ndani ya kitoroli alikuwa amesimama kwa mbali akimtazama, akasogea, akarudi nyuma, kisha akajipa moyo akaja. Akainamisha kichwa, akamwita mama kwa heshima, na akatoa sentensi ndefu ya Kimaori iliyopanda, ikazunguka, ikashuka upande wa pili. Kararaina alipata nusu yake. Kulikuwa na mtoto ndani, na jina, na kitu kuhusu mto.

Alihisi masikio yakianza kuwaka. Jikoni kulikuwa mbali.

"Sema tena," akasema, kwa Kimaori, akilichagua kila neno kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni. "Polepole. Mimi ninajifunza."

Yule mwanamke akashusha pumzi na mabega kwa pamoja.

"Mimi pia," akasema. "Hiyo sentensi nimeifanyia mazoezi tangu kule kwenye rafu ya maziwa. Ungenijibu, ningekimbia."

Wakasimama pale kati ya mchele na biskuti wakaelezana kila walichokijua: majina yao, majina ya mama zao, rangi ya kofia ya mtoto, magoti, mabega. Watu wenye vitoroli walilazimika kuzunguka. Maneno waliyokuwa nayo yaliwaishia baada ya dakika kama nne hivi, wakacheka, wakayaanza upya.